Mlango wetu uko kwenye nyumba ya jirani

Kwako mshauri,

Naomba jina langu lisitoke, wala la kijiji. Yatosha useme kwamba naishi Uasin Gishu, si mbali na Burnt Forest, na kwamba mimi ni Mkikuyu. Nimeolewa huku, nikazalia huku. Baba mkwe alipata ekari zake kupitia kampuni ya kununua mashamba baada ya uhuru, akafukuzwa kwenye vita vya kikabila vya 1992, akarudi. Sisi tulifukuzwa usiku wa 30 Desemba 2007, siku yalipotangazwa matokeo ya urais.

Jioni hiyo kijana mmoja wa ukoo wa jirani yetu alikuja mbio akatuambia tutoke mara moja, tusingoje kufunga mizigo. Mume wangu akambeba mdogo, mimi nikamshika mkono kifungua mimba wangu, aliyekuwa na miaka sita. Tulipita katikati ya mabua ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa mpaka tukafika barabarani. Nilipogeuka mara ya mwisho nyumba ilikuwa bado imesimama. Baadaye tukaambiwa imeteketea yote, pamoja na ghala la mahindi.

Tulikaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Eldoret na maelfu ya wengine. Mwezi wa Mei serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani, tukapewa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. Mume wangu alikataa kurudi. Alisema hawezi kulala mahali anapomjua kila aliyekuja usiku ule na kila aliyenyamaza. Akaenda kwa nduguye Nakuru, mimi nikarudi na watoto kwa sababu shamba lingekaa bure na karo haingojei. Alifariki 2011. Tulimleta tukamzika hapa hapa kwenye shamba lake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Mume wangu alikuwa seremala. Mlango wa mbele wa nyumba yetu aliutengeneza kwa mikono yake kwa mbao za podo, na kitasa cha kwanza kilipokaa vibaya aliziba tundu kwa kipande cha mbao nyekundu. Ningeutambua gizani kwa kuupapasa. Mlango huo uko kwenye nyumba ya jirani yangu.

Niliuona mwaka ule niliorudi. Jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuniona nilipokuwa bado kwenye hema, akaniletea maziwa na mbegu za maharagwe. Siku chache baadaye nikaenda kwake kuazima panga, nikauona. Nilirudi nyumbani bila panga. Tangu hapo sijaingia ndani kwake. Tunaongea uani, tunaongea kwenye ua wa mpaka, tuko chama kimoja. Alipofariki mume wangu yeye ndiye aliyesimamia jiko mpaka matanga yakaisha. Akinikaribisha ndani nasema nina haraka. Nadhani anajua. Hajawahi kusema neno, nami sijawahi.

Kinachoniumiza hasa ni hiki: nyumba iliteketea yote, lakini mlango uko mzima. Maana yake kuna mtu alipata nafasi ya kuung'oa kwanza ndipo moto ukawashwa.

Mwezi wa Desemba binti yake anafanyiwa koito, ile sherehe ya posa na mahari ya Wakalenjin. Ameniomba niwe miongoni mwa wanawake watakaowapokea wageni wa upande wa bwana harusi, ndani ya nyumba. Kifungua mimba wangu alisikia. Sasa ni mwanamume, anaendesha bodaboda. Sijawahi kumwambia habari za mlango, kumbe alishautambua mwenyewe siku nyingi. Akaniambia, "Mama, utawapokea wageni kwenye mlango wa baba? Usijali, 2027 nitaenda kuuleta mimi." Hakuwa anacheka. Tangu siku hiyo silali.

Mchungaji ananiambia nisamehe nisahau. Dada yangu ananiambia niende polisi. Mimi mwenyewe kila mwaka wa uchaguzi kuanzia mwezi wa Juni naweka hati ya shamba na vyeti vya watoto kwenye mkoba karibu na kitanda, na harufu ya moshi wa kuchoma majani hunifanya nitetemeke. Labda nimeshaharibika. Niambie, niende koito au nisiende? Na habari za mlango nimuulize, au niziache zife?

Mama wa watoto wawili, Uasin Gishu

* * *

Dada yangu,

Muulize. Muulize kabla ya Desemba, mkiwa wawili tu, na umuulize wewe, usimtume mtu. Koito tutaifikia, kwa sababu jibu lake linategemea atakachokuambia.

Nakuambia hivi huku nikijua uzito wake. Ninyi wawili mmejenga ujirani juu ya kutosema, na umewafaa. Umekupa maziwa ulipokuwa kwenye hema, mtu wa kusimamia jiko wakati wa matanga, na mwenzako kwenye chama. Sitaki mtu yeyote akuambie kwamba ujirani huo ni wa uongo. Wanawake wengi wa Bonde la Ufa walirudi kwenye mashamba yao mwaka ule wakaanza hivyo hivyo, kwa salamu, kwa moto wa kuazima, kwa kuchungiana ng'ombe, na hakuna serikali wala shirika lililowafanyia kazi hiyo. Lakini makubaliano yenu ya kunyamaza mliyafanya wawili. Mwanao hakuwamo. Yeye amekua akiutazama ule mlango akiwa barabarani, akakosa mtu wa kumuuliza, akajijibu mwenyewe.

Tuanze na usichokijua. Unajua mlango uko wapi, na unajua uling'olewa kabla ya moto. Aliyeung'oa humjui. Mwezi ule wa Januari 2008 mali za watu zilizunguka mno. Mabati, milango, madirisha, sufuria na mashine za kushona vilibebwa kwenye mikokoteni na kuuzwa barabarani kwa bei ya kutupa, na wako walionunua bila kuuliza kwa sababu hawakutaka kusikia jibu. Wako walioiba. Wako wanaume na vijana walioleta vitu nyumbani, na mama wa nyumba akavikuta asubuhi, akaogopa kusema. Na wako majirani waliobeba vitu vya wenzao ili waviokoe, kisha mwenye mali akakaa kambini miezi mingi, kitu kikaanza kutumika, na kila siku iliyopita ikafanya kukirudisha kuwe kugumu zaidi. Katika hayo manne sijui lipi lilitokea nyumbani kwa jirani yako, nawe hujui. Hata hivyo miaka yote hii umeishi kana kwamba ni la pili. Mumeo aliondoka na jibu lake Nakuru, na mwanao ana lake. Yule mama ndiye pekee mwenye habari za kweli, na hajaulizwa na yeyote.

Jinsi ya kumuuliza. Usiende kwake; hutaweza kusema maneno uliyoyapanga huku mlango wenyewe ukikutazama. Mwalike kwako mchana, siku ambayo mwanao yuko kazini, mkiwa na kazi ya mikono mbele yenu, kuchambua maharagwe au kupukuchua mahindi, ili macho yapate pa kwenda maneno yakiwa mazito. Anza na koito. Mwambie umefurahi kwamba amekuchagua, kisha mwambie kuna jambo linalokuzuia kuingia nyumbani kwake na ungependa liishe kabla ya siku ya binti. Halafu uliza kwa maneno machache: "Ule mlango wa mbele ni wa marehemu. Ulifikaje kwenu?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu, wala usiseme "najua si wewe" ili kumpunguzia aibu. Usimwambie "mliiba" pia, maana ukimtuhumu atajitetea, na anayejitetea hasimulii.

Huenda akalia, huenda akakasirika, huenda akasema hajui unazungumzia nini. Jiandae kwa lolote kati ya hayo. Akikuambia waliununua, muulize kwa nani na lini, lakini usilazimishe jina. Jina likitajwa utakuwa umebeba mzigo mwingine, na lazima uwe umeamua mapema kwamba halitamfikia mwanao kabla hujajua utafanya nalo nini. Akikuambia uliletwa na mtu wa nyumbani mwake, utakuwa umesikia jambo gumu kuliko yote ambayo mama anaweza kusema juu ya mtoto au mume wake. Hapo huna haja ya kusema kitu siku hiyo. Mwambie umesikia, na kwamba mtazungumza tena.

Akikana kabisa, basi umejua kiwango cha ujirani wenu, na utaendelea nao kwa kiwango hicho. Hutakuwa umepoteza usichokuwa umekipoteza tayari.

Kuna jambo moja ninalotaka uamue kabla hajaja: unataka nini? Usipojua, mazungumzo yatakupeleka yanakotaka yenyewe. Mlango wenyewe urudi? Akiri tu? Alipe mwingine? Au unataka mtu aseme kwa sauti kwamba mumeo aliondoka kwenye shamba lake si kwa kupenda? Ukinisoma vizuri utaona nadhani ni hilo la mwisho, lakini hilo ni lako kuamua. Rwanda, baada ya mauaji ya 1994, mahakama za kijamii za gacaca zilisikiliza kesi karibu milioni 2 mpaka zikafungwa 2012, na zaidi ya milioni 1.3 kati ya hizo zilihusu mali: mabati, ng'ombe, mazao, vyombo. Watu waliofiwa walikaa kwenye nyasi wakazungumzia mabati! Wengi waliafikiana kulipana au kurudishiana, ingawa wako waliolipwa bila kuambiwa ukweli na wakaondoka na fedha mkononi na donge rohoni. Nakutajia ili usijione mdogo kwa kuumizwa na ubao wakati wengine walizika watu. Mali iliyoibwa na mtu unayemsalimia kila asubuhi inauma kwa namna yake.

Mchungaji wako ana nia njema, lakini amekupa maneno mawili kana kwamba ni jambo moja. Kusahau hutaweza, na hakuna andiko linalokuamuru upoteze kumbukumbu. Kusamehe ni kwako. Kunaweza kuja mwaka huu, kunaweza kuja miaka kumi ijayo, kunaweza kuja kwa jirani yako na kusije kwa yule aliyewasha moto. Unaweza kumpikia mtu na kumtakia mema binti yake ukiwa hujamsamehe bado, na umekuwa ukifanya hivyo tangu uliporudi. Tena nitasema wazi: nchi hii imewaomba watu kama wewe msamehe kwa haraka mno. Tarehe 28 Februari 2008 viongozi walitia saini makubaliano mbele ya Kofi Annan wakagawana serikali, nawe ulikuwa bado uko uwanja wa maonyesho. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Mwaka 2013 wanasiasa wa jamii hizo mbili zilizopigana hapo kwenu walipanda jukwaa moja wakashinda uchaguzi, na mwaka huo huo Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikakabidhi ripoti yake baada ya kukusanya taarifa zaidi ya 40,000 za wananchi. Mapendekezo yake mengi yamelala mpaka leo. Kesi za ghasia hizo kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague, ile ya Uhuru Kenyatta iliondolewa Desemba 2014, ile ya William Ruto na Joshua Sang ikakatishwa Aprili 2016. Machi 2015 Kenyatta, akiwa rais, aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa walioathirika. Katika haya yote hakuna hata siku moja mtu alipiga hodi kwako akakuuliza mlango wenu uko wapi. Walipatana wao. Usiruhusu mtu akuambie kwamba walipopatana wao, na wewe ulipatana.

Dada yako naye anasema polisi. Una haki hiyo, na sitakuambia ni dhambi kuitumia. Kuweka mali ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai, na kosa la uzito huo halifi kwa kupita miaka. Madai ya fidia ni jambo jingine. Sheria inayaweka ndani ya miaka mitatu kwa hasara ya namna hii, nayo ilipita zamani. Kwa hiyo kinachobaki ni kesi ya jinai, itakayotaka kuthibitisha kwamba huyo mama alijua mlango ulitoka wapi. Sema ukweli, dada: kesi za 2008 zilizofika hukumuni ni chache mno, na mlango wako ukibebwa kama kielelezo utakaa stoo ya kituo huku wewe ukiendelea kuishi ua kwa ua na familia ya mshtakiwa. Mkishindwa kuelewana, kuna njia ya katikati. Kifungu cha 159 cha Katiba ya 2010 kinatambua usuluhishi na njia za jadi za kumaliza migogoro. Mnaweza kuwaita wazee wawili, mmoja wa kila upande, watu mnaowaheshimu wote, mkakaa chini ya mti bila mkutano wa hadhara. Ningependa hilo liwe la pili. Likianza na wazee, jirani atajibu kwa ajili ya ukoo wake wote. Akiwa nawe peke yake atajibu kama mwanamke aliyepika kwenye matanga yako.

Sasa mwanao. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu na barua yako.

Umeandika mstari mmoja ukaupita haraka: "kijana mmoja wa ukoo wa jirani yetu alikuja mbio akatuambia tutoke mara moja." Je, mwanao anaijua habari hiyo? Alikuwa na miaka sita. Anachokumbuka huenda ni mkono wako uliombana, mabua yaliyomkwaruza, na baadaye hema na foleni ya unga. Mlango anaukumbuka kwa sababu aliukuta tena. Yule kijana hakumkuta tena, au alimkuta bila kuambiwa ni nani. Kwa hiyo kwenye hadithi anayotembea nayo, upande ule kuna wezi na wachomaji tu. Na kijana yule alijiweka kwenye hatari. Waliowaonya majirani zao siku zile waliitwa wasaliti na watu wao wenyewe, na wako waliopigwa na kuchomewa kwa sababu hiyo.

Mweleze mwanao. Usimweleze hilo tu, maana atadhani unamtetea jirani. Mweleze yote, kuanzia babu yake na 1992. Mwambie hata lile linaloumiza: kwamba kijana aliyewaonya alijua kinachokuja, na kujua kwake kuna maswali yake. Mwambie baba yake alikataa kurudi na alikuwa na sababu, na wewe ulirudi ukiwa na sababu. Mwambie pia kilichotokea mwishoni mwa Januari ile, Nakuru na Naivasha, ambako vijana wa jamii yenu waliwageukia Wajaluo na Wakalenjin, na Naivasha watu waliokuwa wamejificha ndani ya nyumba wakachomwa humo, wengi wao wanawake na watoto. Najua ni vigumu kumwambia mtoto wako jambo hilo wakati yeye ndiye aliyekimbizwa. Lakini usipomwambia wewe ataambiwa nusu yake na mtu mwenye sababu zake, kwenye simu, mwezi wa Julai kampeni zikipamba moto.

Kauli yake kwamba 2027 ataenda kuuleta mwenyewe usiipuuze, na pia usimpigie kelele. Muulize moja kwa moja: "Ulikuwa na maana gani?" Sikiliza kama amesema "mimi" au "sisi". Kijana mwenye hasira ya baba yake ana haki ya hasira hiyo, na mara nyingi inapungua akipata mtu wa kuisikiliza bila kumkatiza. Kijana ambaye ameshaanza kupanga na wenzake ni habari nyingine. Ukisikia "sisi", ukisikia majina, ukiona fedha za mtu zimeingia kwenye steji yao ya bodaboda, tafuta mtu mzima anayemheshimu, mjomba wake au rafiki wa baba yake, amkalishe chini wiki hiyo hiyo. Na mwambie kuhusu jumbe: sheria ya uwiano ya 2008 inaadhibu maneno ya chuki ya kikabila kwa faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Wanaoandika jumbe hizo wana mawakili. Wanaozisambaza wana pikipiki ya mkopo.

Ikiwa atakuuliza, "Kwa hiyo tuwaachie tu?", mjibu hapana. Mwambie wewe mwenyewe utaenda kuuliza, na atayajua majibu. Nadhani kijana huyu anataka kuona kwamba mama yake anaweza kusimama juu ya jambo la baba yake. Amekuona ukisema una haraka kila unapokaribishwa, akatafsiri kuwa ni woga, akajipa kazi ya kuwa jasiri kwa niaba yenu. Ukiulizia wewe, kazi hiyo hana tena. Ndiyo maana nilisema usimtume mtu.

Kuhusu mkoba ulio karibu na kitanda: hujaharibika. Uchaguzi ujao ni 10 Agosti 2027, na katika nyumba nyingi kuanzia Molo mpaka Turbo mikoba ya namna hiyo itafungwa tena, ya Wakikuyu, ya Wakisii, ya Waluhya, na huko kwingine ya Wakalenjin wanaoishi kati ya wengine. Familia iliyokimbizwa 1992 na 2007 ikifungasha hati zake mapema ina kumbukumbu nzuri, haina ugonjwa. Ningependa tu uufanye vizuri zaidi. Piga picha za hati na vyeti, mpelekee ndugu aliye mji mwingine, na ile hati yenyewe ya shamba ihifadhi mahali salama mwaka mzima, ili Juni usiwe na kazi ya kufanya usiku. Mtetemeko wa moshi na kukosa usingizi ni jambo tofauti. Hayo ni mwili unaoendelea kukimbia ilhali wewe umeshafika, na yanatibika kwa kuzungumza na mtu aliyefunzwa. Hospitali ya kaunti itakuelekeza kwa mshauri nasaha, na Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199 isiyolipiwa, unayoweza kupiga hata usiku huo usiolala. Piga kabla hujamwita jirani, ili umuulize ukiwa umelala japo siku mbili tatu.

Na koito. Akikujibu kwa ukweli, hata ukweli mchungu, nenda, na usiende kama mtu aliyeshindwa. Mnaweza kukubaliana mlango uondolewe kabla ya siku hiyo, mafundi wa Burnt Forest watawafungia mwingine kwa siku moja; au mnaweza kukubaliana ubaki, na yeye awaambie watoto wake mbele yako ni kazi ya mikono ya nani. Mwanao asilazimishwe kuja. Jibu lake likiwa la kukutoroka, peleka zawadi yako kwa binti, kaa nje penye hema pamoja na wanawake wa chama, na jirani akikuita ndani mwambie mbele ya watu, kwa heshima, kwamba leo utakaa hapa. Binti huyo hana kosa lolote. Siku ile mlango ulipong'olewa huenda hata kutembea alikuwa hajajua vizuri.

Usingoje Novemba. Wiki ambayo mahindi yanaanza kuvunwa ni nzuri, kila mtu ana sababu ya kuwa shambani kwa mwenzake, na hakuna atakayejiuliza kwa nini ninyi wawili mmekaa kwa muda mrefu.